Kutoka "Nitilie" Hadi "Jitilie"

Jina la mama ntilie lina sarufi nzima ndani yake. Kitenzi ni kutia, kikanyambuliwa katika kauli ya kutendea, kikapewa nafsi ya mwenye njaa: mama, nitilie. Anayetamka maneno hayo anakiri mambo mawili kwa mpigo mmoja. Anakiri kwamba ana haja, na kwamba mbele yake yupo mtu mwenye sufuria, upawa na maarifa ya kumtimizia haja hiyo. Wakazi wa Dar es Salaam waliolizoea jina hilo tangu miaka ile migumu ya themanini, mshahara ulipokuwa haufiki katikati ya mwezi, hawakuwa wanaisimu, lakini waliipa kazi ya kulisha watu jina ambalo sijaona jingine likilishinda. Baadaye nyaraka za serikali na za miradi zikatuletea "mama lishe", jina la staha zaidi, nami sina ugomvi nalo. Nalipenda la zamani kwa sababu limehifadhi kitenzi.

Migahawa ya mtindo iliyoota katika miji yetu mikubwa, hususan upande ule wa mji wenye bahari, balozi na ofisi za mashirika ya kimataifa, imehamia sarufi nyingine. Kiambishi kinachotawala huko ni -ji-. Jihudumie. Jichagulie. Jiundie. Orodha ya vyakula huletewi. Unaelekezwa kwenye kibao chenye msimbo wa QR ili uisome kwa simu yako na kwa bando lako, na kama simu yako ni ya kitochi, hilo ni lako. Chakula chenyewe huja vipande vipande, kila kipande katika chombo chake, nawe unaalikwa ukikamilishe.

Wapo watakaouliza mhadhiri ana kazi gani na mpangilio wa mezani, wakati nchi ina mambo mazito ya kujadili. Nitajibu kwamba nani anafanya kazi, nani analipwa kwa kazi hiyo, na nani anabeba lawama ikiharibika, ndiyo maswali ninayoyafundisha muhula hadi muhula. Na mahali ambapo majibu yake yanaonekana kwa macho, bila jedwali wala grafu, ni pale mezani.

Nieleze nilichokiona, mgahawa siutaji. Niliagiza baga. Mkate uliokatwa nusu ulikuja juu ya ubao. Kipande cha nyama ya kusaga kilikuwa kikichuruzika mafuta katika kikaango kidogo cha chuma. Jibini ilikaa pembeni, majani ya saladi katika kikombe cha bati, chipsi katika kindoo, na sosi tatu katika vichupa vilivyonikumbusha dawa ya kikohozi. "Karibu ujiundie, mzee," akasema kijana aliyeileta, kwa adabu njema kabisa. Nikaunda. Ubao haukuwa na kingo, kwa hiyo mchuzi wa nyama ulitafuta njia yake hadi kwenye karatasi nilizokuwa nimezipakata. Mkate ulikuwa umepashwa moto mapema kuliko nyama, na nilipomaliza kupanga tabaka zangu vyote viwili vilikuwa vimepoa kwa viwango tofauti. Risiti ilipokuja ilikuwa na mstari wa mwisho uliosomeka: huduma, asilimia 10.

Mtindo huu una nasaba, na nasaba yake inastahili heshima kuliko uzao wake. Katika miaka ya tisini mpishi wa Kikatalunya, Ferran Adrià, na wenzake katika mgahawa wa elBulli, kule pwani ya Hispania, walianza kuvitenganisha vyakula vya jadi katika sehemu zake na kuzirudisha mezani kwa maumbo mapya. Wakaazima hata jina kutoka kwa wanafalsafa, lile ambalo sisi wa uhakiki wa fasihi tunaliita udenguzi. Unaweza kuupenda au kuucheka upishi ule, lakini jambo moja halina ubishi: mpishi wa elBulli alifanya kazi mara nyingi zaidi ya mpishi wa kawaida. Wapishi walikuwa jeshi dogo. Mlaji alichofanya ni kuchovya kijiko. Mgahawa huo uliacha kupokea wageni mwaka 2011, na kilichosafiri kutoka kwake kuja kwetu, kupitia picha za Instagram, ni kule kutenganishwa tu kwa sehemu. Ile kazi ya jeshi dogo ilidondoka njiani.

Waingereza walichoka kabla yetu. Mwaka 2015 mtu mmoja kule alianzisha ukurasa mtandaoni uitwao We Want Plates, yaani tunataka sahani, na watu wakamiminika na picha za nyama iliyopakuliwa juu ya vigae vya paa na chipsi ndani ya viatu. Mwaka 2018 mahakama ya Birmingham iliutoza mgahawa mmoja faini ya pauni 50,000, na miongoni mwa makosa yake ilikuwa kupakua chakula juu ya mbao zisizosafishika. Nalitaja hili kwa ajili ya maofisa afya wetu, ambao huwa wepesi sana kuinama chini ya meza ya mama ntilie kukagua ndoo yake ya maji.

Hapa kuna pingamizi ambalo msomaji makini amekwisha kuliandaa. Sisi ni watu wa kula kwa mkono. Tangu lini mlaji wa Kiafrika akaogopa kukishughulikia chakula chake mwenyewe? Ugali hauji mezani ukiwa matonge. Kila mmoja hulikata tonge lake, akalifinyanga, akalibonyeza kwa dole gumba na kuliteka mchuzi. Kule Kikopey, katika barabara ya Nakuru, na katika kila baa yenye jiko la mkaa kuanzia Arusha hadi Mbeya, mteja huchagua nyama yake ikiwa imening'inia, huipima kwa kilo, kisha huletewa juu ya ubao, naam, ubao, na kuichovya mwenyewe katika chumvi na pilipili. Wakorea huchoma nyama katikati ya meza, Wachina huzamisha vipande katika sufuria ya pamoja inayochemka, Waswisi nao hufanya vivyo hivyo kwa mkate na jibini iliyoyeyuka. Ikiwa hayo yote ni halali, baga ya vipande ina kosa gani?

Nimelifikiri swali hili kwa muda, kwa sababu ni zuri. Tazama kazi aliyoachiwa mlaji katika kila mfano, kisha uulize kwa nini ameachiwa yeye. Tonge lililofinyangwa jikoni dakika kumi kabla lingekuwa limepoa na kukauka. Halina uhai nje ya kiganja cha anayelila. Nyama ya Kikorea inaliwa sekunde ileile inapotoka motoni, na hakuna mpishi anayeweza kuwa katika meza zote sekunde hiyo. Ubao wa nyama choma upo pale kwa sababu nyama inakatwa juu yake mbele yako; kisu kimepita hapo sasa hivi. Mlaji ameachiwa sehemu ambayo yeye peke yake anaweza kuifanya vizuri, na kwa kawaida anaifanya pamoja na wenzake, mikono ikikutana katika sinia moja. Baga haina sababu hiyo. Anayeiunda vizuri ni yule aliyesimama karibu na moto, aliyeunda mia moja tangu asubuhi.

Zaidi ya hayo, ugali una jambo ambalo watu wa mtindo hawakuliiga. Kabla mkono wako haujagusa tonge, mtu amekuja na birika na beseni, akakumiminia maji ya uvuguvugu huku kichwa kimeinama kidogo. Unanawishwa. Kazi yako ndogo ya mkono imezungukwa pande zote na kazi ya wengine kwa ajili yako, na hakuna anayekudanganya kwamba umejipikia.

Nenda Zanzibar umtazame muuza urojo. Bakuli moja linaingia viazi, bajia, kachori, yai, mishkaki, chipsi za muhogo zilizovunjwa, chatne, kisha rojo lenyewe lenye ukali wa embe au ndimu, na mkono wake hausimami kupima. Anakuuliza neno moja tu: pilipili? Katika jibu lako la neno moja limo chaguo lote unalolihitaji. Yaliyobaki ni hukumu yake. Anajua kwamba chatne ikizidi kachori italegea, na kwamba muhogo unaingia mwisho ili ubaki na mlio. Tunaposema mtu fulani "ana mkono" tunasifu hukumu ya namna hii, na kwa maoni yangu ndiyo bidhaa halisi inayouzwa katika nyumba yoyote ya chakula. Viazi tunavyo nyumbani.

Sasa niseme juu ya bei, maana hapo ndipo mtindo huu unapojifichua. Kumfanya mteja afanye kazi si uvumbuzi wa leo. Mwaka 1902 kampuni ya Horn & Hardart ilifungua mjini Philadelphia ukumbi usio na wahudumu wa mezani; mteja alitumbukiza sarafu, akafungua kijidirisha cha kioo na kujichukulia chakula chake, huku nyuma ya ukuta wafanyakazi wasioonekana wakivijaza tena vijidirisha. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, ambako kwa mara ya kwanza mnunuzi alipita mwenyewe katikati ya rafu na kikapu mkononi, badala ya kusubiri karani amletee unga na sukari. Mwaka 1948 ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, waliufunga kwa miezi kadhaa mgahawa wao wa San Bernardino, California, wakawaachisha kazi wahudumu waliokuwa wakiwapelekea watu chakula garini, wakaondoa sahani na vijiko vya kuoshwa, wakafungua upya. Hambaga iliyokuwa ikiuzwa senti 30 ikashuka hadi senti 15.

Mikataba ile ilikuwa na ukali wake, hasa kwa waliopoteza ajira, lakini upande wa mteja ilikuwa wazi. Wewe utasimama kwenye foleni, utabeba sinia lako, na kwa malipo ya jasho lako utalipa nusu. Maskini wengi waliukubali mkataba huo, nami nisingewalaumu. Mkataba wa mgahawa wa mtindo umegeuzwa kichwa chini. Kazi ya mteja imeongezeka, bei imepanda, na asilimia 10 ya huduma imebaki palepale, kama jina la marehemu ambalo bado limo katika orodha ya mishahara.

Kwa nini watu hawalalamiki? Mwaka 2012 watafiti watatu, Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely, walichapisha utafiti juu ya watu waliopewa masanduku ya IKEA wayaunganishe, karatasi wazikunje na matofali ya Lego wayapange. Waliojiundia kitu walikithamini kuliko wengine walivyokithamini, na walikuwa tayari kukilipia zaidi. Hamu hiyo iliyeyuka pale walipozuiwa kumaliza kazi, au walipoiona kazi yao ikibomolewa. Mwenye mgahawa hana haja ya kuusoma utafiti huo ili aufaidi. Baga ya vipande imepangwa ili kila mtu amalize; hakuna anayeshindwa kuweka nyanya juu ya nyama. Unamaliza, unajipongeza kwa siri, unapiga picha, na aliyejipongeza hamwiti meneja.

Na hata ukitaka kumwita, utamwambia nini? Nyama imepoa: ulichelewa kuifunika. Imekuwa chumvi: sosi umetia mwenyewe. Hili ndilo linalonisumbua kuliko bei. Mpishi anayekupa sahani iliyokamilika amejiweka hadharani. Umemjua kwa kazi yake, unaweza kumsifu, unaweza kuirudisha jikoni. Mpishi anayekupa vipande amekukabidhi pamoja na vipande hivyo wajibu wa mlo wako, na wajibu ukishahama ni vigumu sana kuurudisha.

Watumishi wa umma mnaonisoma mmeliona jambo hili katika umbo jingine, katika bufee ya semina. Wali jipakulie. Maharage jipakulie. Mboga za majani jipakulie, hata mara mbili. Ukifika kwenye nyama unamkuta kijana amesimama na koleo, kofia nyeupe kichwani, naye ndiye atakayekuwekea vipande viwili na kukutazama usoni ili usiombe cha tatu. Uhuru wa kujihudumia unakoma pale chakula kinapoanza kuwa ghali. Sijawahi kuona somo fupi zaidi la uchumi wa kisiasa, na washiriki wa semina hulipokea kwa foleni iliyonyooka.

Tukitoka mezani tuelekee dirishani kwenye ofisi zetu, sarufi ni ileile. Mwananchi wa leo hujaza fomu mwenyewe mtandaoni, hujitengenezea namba ya malipo mwenyewe, hulipa kwa simu yake, huchapisha stakabadhi kwa fedha yake na kuibeba hadi kwa ofisa aliyekuwa zamani akiyafanya hayo yote. Mimi si adui wa mifumo hiyo. Imepunguza safari, na imebana mianya ya rushwa kwa namna ambayo mahubiri hayakuweza. Lakini nendeni kwenye maduka ya steshenari yanayozunguka vyuo vyetu wakati wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Mtamkuta mzazi kutoka kijijini ameketi kwenye benchi, bahasha ya vyeti mapajani, akimlipa kijana asiyemjua ili amjazie mwanawe fomu. Kazi ya kujaza haikufutika. Imetoka ofisini, ikavuka barabara, ikawa na bei. Na ikikosewa tarakimu moja, mfumo hautaandika kwamba maelekezo yalikuwa magumu. Utaandika kwamba mwombaji amekosea. Sosi umetia mwenyewe.

Turudi mgahawani kwa yule kijana aliyeniletea ubao. Nilimwuliza kama jikoni wangeweza kuniunganishia baga yangu. Akatabasamu, akasema wangeweza zamani, alipokuwapo mwenzao wa kupanga sahani, ila siku hizi jikoni wamebaki wawili. Alilisema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza kwamba mvua imenyesha. Wakati mwingine tunadhani ajira inapotea kwa mashine kubwa zenye taa. Mwenzake huyu alipotezwa na wateja waliofurahi kupanga nyanya. Na hili si lazima liwe hivyo kama kwamba limeamriwa na mbingu: jimbo la New Jersey, katika nchi ileile iliyovumbua duka la kujihudumia, tangu mwaka 1949 limepiga marufuku dereva kujijazia mafuta kituoni, na hadi leo yupo mtu wa kumjazia. Hoja ya kisheria ilikuwa usalama. Sheria imedumu kwa sababu watu wa kule wameipenda. Simaanishi tuandike sheria ya baga. Namaanisha kwamba jamii huweza kuketi na kuamua kazi ipi ibaki mikononi mwa nani.

Wanafunzi wangu, nilipowasomea rasimu ya haya, walinikabili. Mmoja alisema ana mzio wa karanga na hupata amani anapoona kila kiungo kimekaa peke yake. Mwingine akasema mwalimu umezeeka, ile ni raha tu, watu wanakwenda na marafiki wacheke. La kwanza nalipokea kwa uzito. Mwenye mzio, mwenye kisukari na mwenye miiko ya dini yake wana haki ya kujua kilichomo. Dawa yake ni mhudumu anayejua kilichomo na anayesikiliza, tena huyo ndiye anayepunguzwa kwanza. Karanga iliyosagwa ndani ya sosi haionekani hata ikikaa katika kichupa chake peke yake. La pili silipingi. Raha ni raha, na anayependa kujenga aachwe ajenge.

Ndiyo maana ombi langu kwa wenye migahawa ni dogo. Andikeni bei mbili katika orodha yenu: baga iliyoundwa na mpishi wetu, kiasi fulani, baga utakayojiundia, kiasi kilichopungua kwa thamani ya kazi utakayoifanya. Wekeni nakala chache za karatasi kwa wenye simu za kitochi na kwa wazee wasiotaka kusoma chakula kwenye kioo. Ile asilimia ya huduma itozwe kwa yule aliyehudumiwa, na risiti ieleze inamfikia nani. Mgahawa utakaothubutu kuziandika bei hizo mbili nitakwenda kula huko, na nitataka kuketi pembeni kwa saa moja nione wateja wangapi bado watachagua ubao.